Matairi ya bei nafuu kwa safari ndefu za lami: Nakuru, Kericho hadi Kisumu

Barabara ya kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho haifiki kilomita 200, lakini inalitahini tairi mara tatu kwa siku moja: ukungu na baridi ya Mau, mvua ya alasiri kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kisha joto la tambarare za Ahero. Joto hilo karibu kila tairi zima hulimudu. Kinachotenganisha matairi ni lami iliyolowa kukiwa na baridi, na hapo ndipo pesa yako inapaswa kwenda. Mengine yanaweza kubanwa.

Mwongozo huu ni wa pikipiki za lami za cc 200 hadi 500 zenye rimu za inchi 17, zinazobeba abiria na mizigo.

Hatua ya 1: Soma pikipiki yenyewe, usiamini tairi lililomo

Mwenye pikipiki wa kwanza huenda alifunga saizi aliyoipata sokoni. Saizi sahihi iko kwenye kitabu cha pikipiki, au kwenye kibandiko karibu na mnyororo. Chukua mfano wa Bajaj Dominar 400: mbele ni 110/70 R17, nyuma ni 150/60 R17. Hiyo 150 ni upana kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, yaani milimita 90. R ni radiali, yaani nyuzi za ndani ya tairi hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Pulsar NS200 hutumia 100/80-17 mbele na 130/70-17 nyuma.

Baada ya saizi huja nambari ya uzito na herufi ya kasi. 54 ni kilo 212, 58 ni kilo 236, 66 ni kilo 300, 69 ni kilo 325. Herufi P inavumilia kilomita 150 kwa saa, S 180, H 210, V 240, W 270. Usishuke chini ya herufi iliyoandikwa kitabuni, lakini ukiwa na pikipiki ya H huna sababu ya kulipia W. Akiba ya kwanza ni hiyo.

Piga hesabu ya uzito kabla ya kutoka nyumbani. Pikipiki kilo 190, wewe 75, abiria 70, mizigo 25: jumla 360. Ukiwa na abiria na mabegi, sehemu kubwa ya uzito huo hukaa nyuma. Tuseme ni kilo 230. Tairi la 66 linatosha na kubaki na nafasi. Tairi jembamba la boda halitoshi, hata likiingia kwenye rimu.

Usipanue tairi kwa ajili ya sura. Ukifunga 160 kwenye rimu yenye upana wa inchi 4, kingo za tairi zinabanwa, mgongo wake unachongoka, na pikipiki inainama kwa ghafla kwenye kona. Wakati mwingine ubavu hugusa mnyororo. Pia, usichanganye radiali na tairi la kawaida (lenye nyuzi za mshazari, ambalo saizi yake ina kistari badala ya R), moja mbele na jingine nyuma, isipokuwa kitabu kimeruhusu. Mijengo hiyo miwili hunesa tofauti, na pikipiki huanza kuyumba kwenye mwendo wa kasi.

Hatua ya 2: Tafuta mpira wa mvua

Mpira wenye silika (silica, unga wa madini unaochanganywa na mpira) hushika vizuri ukiwa baridi na umelowa. Muuzaji akikosa jibu, tazama maelezo ya mtengenezaji kwenye simu. Kwa safari ndefu, lililo bora zaidi ni tairi la mpira wa aina mbili: mgumu katikati, laini pembeni. Sehemu ya Nakuru hadi Mau Summit hula katikati ya tairi, kwa sababu unakwenda wima nyuma ya malori kwa muda mrefu. Tairi la mpira laini mtupu litaisha bapa katikati huku pembeni kukiwa bado kupya, na tairi bapa hukataa kuinama kwenye kona za Kericho.

Angalia pia mifereji. Iwe mirefu, ianzie karibu na katikati na kuelekea pembeni ili itoe maji. Meno makubwa ya barabara za udongo yanavutia kwa kuwa udongo wa matrekta ya miwa hudondoka barabarani upande wa Awasi na Muhoroni, lakini meno hayo yana mpira mchache unaogusa lami, nayo hucheza kwenye kona. Kwenye udongo wa miwa, punguza mwendo. Tairi la lami halibadilishwi kwa kilomita chache za matope.

Hatua ya 3: Linganisha bei kwa kilomita

Tuseme tairi moja ni shilingi 9,000 na linadumu kilomita 6,000: shilingi 1.50 kwa kilomita. Jingine ni 15,000 na linadumu 12,000: shilingi 1.25, na unamlipa fundi mara moja badala ya mbili.

Akiba kubwa zaidi iko kwenye toleo lililopitwa. Michelin Road 6 ilipotoka mwaka 2022, Road 5 haikugeuka kuwa tairi baya. Ni vivyo hivyo kwa Pirelli Angel GT baada ya Angel GT II ya mwaka 2019. Ukipata toleo la zamani lenye tarehe nzuri katika saizi yako, chukua. Kwa pikipiki ndogo, MRF, CEAT na TVS Eurogrip za India, pamoja na CST na Maxxis za Taiwan, zina matairi ya lami yanayostahili kuangaliwa. Bajeti ikikubana kabisa, anza na tairi la mbele, kwa maana ndilo linaloshika breki na usukani. Tairi la mtumba liache, hata mifereji ikiwa mirefu: huwezi kujua lilikaa juani kwa miaka mingapi.

Hatua ya 4: Dukani, inama ulikague

Tafuta neno DOT kwenye ubavu. Tarakimu 4 za mwisho ni tarehe. 1824 ni wiki ya 18 ya mwaka 2024. Mara nyingi iko upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze. Lenye zaidi ya miaka 3 dukani, omba punguzo kubwa au uliache.

Kisha likunje ubavu kwa mikono miwili chini ya mwanga. Nyufa nyembamba kama nywele chini ya mifereji ni mpira uliokauka. Bonyeza kwa ukucha: mpira mzima hubonyea kidogo na kurudi, uliokufa hukataa kama plastiki. Weusi unaong'aa na kubaki kidoleni ni rangi iliyopakwa kuficha uzee. Pitisha kidole kwenye ukingo unaokaa ndani ya rimu. Tairi lililofungwa kamba na kurundikwa kwa miezi hupinda hapo, na baadaye huvuja polepole.

Hatua ya 5: Kufunga

Mshale wa mzunguko ufuate mwendo. Maji ya sabuni yatumike kwenye ukingo, kamwe si dizeli wala grisi, kwa kuwa mafuta hula mpira na tairi huteleza ndani ya rimu wakati wa breki. Badilisha valvu. Baada ya kujaza upepo, tazama mstari mwembamba unaozunguka ubavu karibu na rimu: uwe na umbali ule ule pande zote. Ukizama sehemu moja, ukingo haujakaa. Toa upepo, paka sabuni, jaza tena. Usipitishe kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi. Halafu balansi, hasa la mbele.

Hatua ya 6: Upepo

Pima asubuhi kabla ya kuwasha, kwa geji yako mwenyewe, ukifuata kiwango cha kitabu. Tairi lililotoka safarini husoma psi (kipimo cha upepo) 3 hadi 5 zaidi, na ukilipunguza hapo, kesho litakuwa laini.

Kupanda kutoka Kisumu, mita 1,130 hivi, hadi Timboroa, iliyo kwenye barabara ya Eldoret nje kidogo ya njia yetu, zaidi ya mita 2,700, huongeza usomaji wa geji kwa psi 2 hivi. Baridi ya huko hupunguza karibu psi 3. Zinakaribia kufutana, kwa hiyo usihangaike kurekebisha njiani.

Hatua ya 7: Kilomita 150 za kwanza

Tairi jipya lina uso laini usioshika. Ukilifunga Nakuru, nenda Naivasha na kurudi kwa mwendo wa wastani na breki za taratibu, ukiinama zaidi kidogo kidogo, kabla ya kushuka Kericho kwenye mvua.

Baada ya hapo kagua kila kilomita 1,000. Kijiti cha TWI (alama ya kuisha kwa tairi) ndani ya mfereji kwa kawaida kina milimita 0.8, lakini kwa mvua za Machi hadi Mei badilisha ukifika milimita 2. Pancha ya katikati isiyozidi milimita 6 huzibwa kwa kiraka cha ndani chenye shina. Ya ubavuni haizibwi.