Samaki mkubwa sebuleni: mambo ya kupanga kabla hujamleta

Kikande wangu, samaki wa baharini ninayemfuga sebuleni, ananijua kwa kikoi. Nikitoka chumbani asubuhi nimevaa kikoi, anajua mtu wa ngisi amekuja. Anasogea hadi kwenye kioo, anasimama pale akizungusha jicho moja huku na jingine kule, kama kinyonga. Nikitoka na suruali ya kazi, hana habari nami. Mke wangu akipita hamwangalii kabisa, na jambo hilo limeshaleta maneno humu ndani.

Raha ya samaki mkubwa ni hiyo. Wale wadogo wa rangi unawatazama kama unavyotazama shada la maua. Huyu wa futi moja na zaidi anakutazama wewe, na ana maoni yake: ukihamisha jiwe alilolizoea, kesho utalikuta limerudishwa.

Mimi ni fundi wa friji na AC, Mombasa. Kwa miaka mingi nilihudumia mtambo wa kupoza tangi la samaki la hoteli moja huku pwani ya kaskazini. Machi 2020 wageni wakakatika, hoteli ikafungwa, nikaulizwa kama nawataka wale samaki. Kama siwataki, jikoni watawamaliza. Nikaondoka na kikande mmoja na kitatange mmoja ndani ya mapipa ya plastiki, nyuma ya pikapu, pampu ya hewa ya betri ikinguruma njia nzima. Miezi miwili walikaa kwenye tangi la lita 1,000 uani, hadi nilipomaliza kuwajengea lao. Kwa hiyo mimi nilianzia mwisho. Wewe usifanye hivyo.

Anza na samaki, tena samaki atakavyokuwa akishakua. Wapiga mbizi wakikuletea kitatange mchanga, ni kitu cha sentimita 5, rangi ya buluu iliyokolea, na mistari myeupe iliyopinda kama hilali. Kila mtu anadhani ataishi kwenye beseni. Akikomaa anabadilika kabisa: anakuwa kijani cha manjano na madoa ya buluu, anafika sentimita 40, na mkiani anatokeza michoro inayofanana na maandishi ya Kiarabu. Kuna kisa cha zamani cha soko la samaki la Zanzibar, cha kitatange mmoja ambaye watu walisoma mkiani mwake "La ilaha illa Allah", na bei yake ikapanda hadi ikawa mazungumzo ya mji. Wangu nimemsoma kwa miwani na bila miwani, sijaona herufi. Lakini wageni wangu kila mmoja huinama mkiani kujaribu bahati yake.

Kikande mwenye madoa makubwa meupe tumboni anafika sentimita 50, na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyokuwa mkali. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akiwa ni mdogo wa madoadoa meusi na manjano, wa sentimita 70 hivi, anafugika. Mkunga mkubwa wa mwambani anafika mita 3, muache mwambani. Vilevile yale machewa makubwa kabisa, yanayopita mita 2: yakiwa madogo yanavutia, na hakuna nyumba utakayoipata ya kuyatosha. Wala usijidanganye kwamba akikuzidi utamtupa tu baharini, maana huenda amepata ugonjwa kwa samaki wa mbali aliokaa nao. Huko Florida ndivyo samaki wa kwetu mwenye miiba ya sumu alivyoingia Atlantiki tangu miaka ya 1980, kutoka matangi ya watu, na mpaka leo wanahangaika naye.

Na samaki anunuliwe kwa mwenye leseni. Ndani ya hifadhi za bahari kama Kisite, Watamu na Malindi hakivuliwi kitu. Ukimkuta mtu anauza samaki kwa kunong'ona, endelea na safari yako.

Sasa tangi. Langu lina urefu wa sentimita 240, upana 80, kimo 75, kioo cha milimita 19. Watu huuliza urefu tu, lakini samaki mkubwa anahitaji upana wa kugeuka bila kujikunja. Nikijaza hadi sentimita 70, ni lita 1,344. Ukiongeza kioo na mawe inakaribia tani 2, kwa hiyo liko nyumba ya chini, juu ya zege, na meza yake ni ya chuma kilichopakwa rangi ya boti. Kama unaishi ghorofani, zungumza na fundi wa majengo kabla hujazungumza na fundi wa vioo. Chini ya meza pana tangi la pili la lita 300: maji yanamwagikia huko, yanapita kwenye sponji na kwenye skima, kisha pampu inayapandisha. Skima ni ule mrija unaotia viputo vidogo vidogo, uchafu ukagandamana na povu likautoa nje. Kwa samaki wadogo unaweza kubahatisha. Samaki mkubwa anakula kama mtu na anachafua kama mtu, kwa hiyo nunua skima kubwa kuliko ile muuzaji atakayokwambia inatosha.

Usitie samaki siku hiyo hiyo. Weka maji, mawe ya baharini yenye vijidudu hai, na kipande cha kamba mbichi kioze humo. Amonia, ile sumu inayotokana na uozo, itapanda, kisha nitriti, kisha vyote vishuke hadi sifuri na nitrati ionekane. Hapo bakteria wanaoigeuza sumu hiyo wameshahamia. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Vipimo vya matone vinauzwa. Usiamini macho, maji yenye amonia yanang'aa kama maji mengine.

Kwenye maji ndipo mtu wa pwani ana bahati kuliko mtu wa Nairobi anayenunua chumvi ya pakiti, na ndipo anapoharibu pia. Mimi huteka bahari wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, upande wa bahari kuu. Siteki Tudor wala Kilindini, huko kuna mifereji ya mji na mafuta ya meli. Wakati wa masika, mito ikishusha tope, siteki kabisa. Huwa nimeshajaza pipa la akiba mapema, limefunikwa lisipate jua. Kila wiki mbili natoa lita 200 na kurudisha 200: mitungi 10 ya lita 20 kwenye tuktuk, na dereva wangu ameshaacha kuuliza.

Kosa langu kubwa lilikuwa hili. Kaskazi ikianza, feni ninayoielekeza juu ya maji ili kuyapoza huyakausha pia, kama lita 15 kwa siku. Mwaka wa kwanza nilikuwa najaza pengo hilo kwa maji ya bahari. Nilifikiri, bahari kwa bahari. Lakini kinachopaa ni maji, chumvi inabaki! Baada ya wiki tatu kitatange akaacha kula, akawa anapumua haraka pembeni. Nikatia kipimo cha chumvi: 1.032, na bahari yetu ni 1.025 hivi. Ilinichukua siku tano kumrudisha polepole, lita chache kila saa kadhaa, maana kumshusha ghafla ni kumuua.

Kwa hiyo pengo la mvuke hujazwa kwa maji matamu. Si ya kisima: visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na vimechimbwa jirani na vyoo vya shimo. Nanunua kwenye vile vibanda vya kuchuja maji ya kunywa. Binti wa kibandani aliwahi kuniuliza, "Ami, nyumbani kwako mko wangapi?" Nikamwambia wanne, na wawili hawanywi ila wanaoga.

Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Februari, bila kupoza, langu hugonga 31. Feni hupunguza nyuzi 2 au 3. Ukitaka mtambo wa kupoza, sikiliza fundi: usikubali mtu akutumbukizie mrija wa shaba kutoka friji kuukuu. Maji ya chumvi yanaila shaba, na shaba ni sumu humo. Mrija uwe wa titani. Ni ghali, najua.

Stima ni jambo la usiku. Maji ya moto yanashika hewa kidogo, na samaki mkubwa anaitaka nyingi. Iliwahi kupotea saa saba za usiku, betri yangu ikiwa imekufa bila mimi kujua, nikakaa juu ya stuli nikichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu hadi adhana ya alfajiri. Siku hizi nina pampu mbili za hewa za betri na inveta, na kila Ijumaa nazima swichi kuu makusudi nione kama vinawaka.

Chakula: ngisi, kome, kamba na maganda yake, mara nne kwa wiki, vyote vimekaa kwenye friza siku kadhaa kwanza ili vimelea vife. Kikande anahitaji maganda, meno yake hayaachi kukua. Kitatange anataka majani kila siku. Namfungia mwani kwenye jiwe kwa mpira, na nikipata mtu anayetoka Kibuyuni, kwa akina mama wanaolima mwani, huniletea mbichi. Mkono wako usiwe kijiko. Nina kovu kwenye kidole cha shahada, nusu duara safi kabisa, na siku hiyo nilikuwa nimevaa kikoi.

La mwisho ni kifuniko. Mwaka jana niliongeza mkunga, wa madoadoa, sentimita 60. Nilifunika kwa wavu na kuacha upenyo wa mrija, upana wa vidole vitatu. Usiku wa pili mke wangu akakanyaga kitu baridi nyuma ya kochi. Mkunga alipona, ute wake ulikuwa umemhifadhi, nikamrudisha kwa taulo lililoloa. Kifuniko sasa kina vibanio 8, na funguo anazo mke wangu.