Kukokotoa pengo la nishati la poliasetilini kwa laptopu ya kawaida

Poliasetilini ni polima, yaani mnyororo mrefu wa kaboni. Pengo lake la nishati ni tofauti kati ya kiwango cha juu kilichojaa elektroni na cha kwanza kilicho wazi. Mwanafunzi wa kemia aliyeko Mbeya au Iringa hahitaji kompyuta kubwa kuanza kulikokotoa. Python (lugha ya programu) na numpy (maktaba yake ya hesabu) vinatosha. Pakua mara moja ukiwa na bando. Baada ya hapo intaneti haina kazi.

Tunatumia modeli ya Su, Schrieffer na Heeger ya mwaka 1979. Heeger huyo, pamoja na MacDiarmid na Shirakawa, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000 kwa kazi ya polima zinazopitisha umeme.

Hatua ya 1. Chora mnyororo wa kaboni. Kila kaboni inachangia elektroni moja ya pai, inayoweza kusogea kwenye mnyororo. Bondi zinapishana: fupi, ndefu, fupi. Elektroni huvuka bondi fupi kwa wepesi zaidi (t1 = 2.85 eV) kuliko ndefu (t2 = 2.15 eV); wepesi huo tunaupima kwa elektronivolti (eV), kizio cha nishati.

Hatua ya 2. Andika programu hii, ambamo N ni idadi ya kaboni, H ni matriksi ya nishati na e ni viwango vyake:

```
import numpy as np
N, t1, t2 = 100, 2.85, 2.15
H = np.zeros((N, N))
for i in range(N-1):
    t = t1 if i % 2 == 0 else t2
    H[i, i+1] = H[i+1, i] = -t
e = np.linalg.eigvalsh(H)
print(e[N//2] - e[N//2-1])
```

Elektroni hujaza viwango kuanzia chini, mbili mbili, kama abiria wanavyojaza siti za daladala ya Uyole. Mstari wa mwisho unatoa kiwango cha juu kilichojaa kwenye kiwango cha kwanza kilicho wazi.

Hatua ya 3. Kagua kwa minyororo mifupi. N = 2 lazima itoe 5.70 eV, N = 4 itoe 3.94. Zisipotoka hizo, usiendelee. N = 100 inatoa 1.43, ikikaribia 2(t1 − t2), yaani 1.40.

Ukipata karibu sifuri, tazama ncha kwanza. Python huhesabu kuanzia 0. Ukihesabu bondi kuanzia 1, bondi ya ncha inakuwa dhaifu, na kaboni ya kila ncha inabaki na elektroni isiyo na mwenza. Viwango viwili huingia katikati ya pengo. Ni tabia halisi ya modeli, ila si pengo la polima. N witiri nayo huacha kiwango kimoja kwenye sifuri kamili.

Sasa weka t1 = t2 = 2.5. Pengo linashuka hadi 0.16 eV, na ukirefusha mnyororo linaendelea kufifia kuelekea sifuri, kama metali. Jaribu hili kwa mkono wako. Hapo ndipo utaona kwamba kupishana kwa bondi ndiko kunakoifanya poliasetilini kuwa semikondakta.

Usiitumie modeli hii kwa molekuli fupi. Ethilini halisi hufyonza mwanga karibu na 7.6 eV, si 5.7, kwa kuwa hapa elektroni hazisukumani.