Miche ya misindano ikipauka, usikimbilie urea

Kila msimu, kwenye vitalu vya Mufindi na Njombe, nakuta jambo lile lile. Miche ya misindano ina wiki sita, imepauka, na mwenye kitalu ameshatia konzi ya urea, mbolea ya naitrojeni, kwenye ndoo akamwagilia. Siku chache tu miche inakolea kijani, majirani wanasifu. Ikifika shambani inadumaa, au inakufa kiangazi cha kwanza. Kisha mnalaumu mbegu. Mbegu haina kosa.

Msindano haujilishi peke yake. Vijizizi vyake huvikwa na kuvu, wale wale wanaotoa uyoga chini ya misindano mikubwa wakati wa mvua. Nyuzi zao hufika mbali kuliko mizizi, huleta naitrojeni na fosforasi, na mti huwalipa sukari. Kuvu hao wana jeni maalumu za kutumia naitreti, aina mojawapo ya naitrojeni ya udongoni: moja ya kuiingiza ndani ya uzi, ya pili ya kuigeuza naitraiti, ya tatu ya kuimalizia kuwa amoniamu, naitrojeni iliyo tayari kuliwa. Kwa Hebeloma cylindrosporum, kuvu anayeishi na misindano ya pwani ya Ufaransa, jeni hizo huzimwa amoniamu ikiwa tele. Naitrojeni ikipungua zinawaka, hata kama naitreti yenyewe haijafika. Njaa ndiyo inayoziamsha. Na si jambo dogo: mwaka 2009 watafiti waliinyamazisha jeni ya hatua ya pili katika kuvu mwingine, Laccaria bicolor, naye akashindwa kuungana na mizizi ya mti wa popla.

Sasa fikiria konzi yako. Urea ikiingia kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea mche, hugeuka amoniamu ndani ya siku chache. Kuvu anakuta chakula tele, anazima jeni zile, na mche ulioshiba hauna haja ya kumgawia sukari. Unapeleka shambani majani mazuri juu ya mizizi iliyo uchi.

Dawa ya mche kupauka huanza kabla ya kujaza viriba. Chukua udongo chini ya misindano iliyokomaa na yenye afya, mahali uyoga huota. Ondoa majani makavu ya juu, chimba sentimita 10 za mwanzo, usizidi 15. Debe 1 la udongo huo kwa madebe 9 ya mchanganyiko wako. Ubebe ukiwa na unyevu, ufunike, uutumie ndani ya siku 3. Kuna waliouanika juani wiki nzima "ukauke vizuri" kabla ya kuuchanganya. Ndugu zangu, mlikuwa mnaua kile mlichokifuata msituni!

Wiki 8 za kwanza usiweke mbolea yoyote ya naitrojeni. Mche ukiwa bado umepauka baada ya hapo, angalia kwanza kama kiriba kinatuamisha maji. Kama hakituamishi, weka kijiko kimoja cha chai cha urea, kilichosawazishwa, kwenye lita 20 za maji. Hizo ni kama gramu 4. Konzi ina mara kumi ya hapo, na wengi wenu huitia kwenye ndoo ya lita 10! Mwagilia mara moja, suuza majani kwa maji safi papo hapo, usirudie kabla ya siku 14.

Ng'oa mche mmoja: vijizizi vikiwa vimegawanyika kama panda ya manati na vina utando, kitalu kiko sawa.