Namna ya Kutengeneza Kisu cha Kuchunia kwa Mkono

Mwindaji anapomchuna mnyama, kisu chake hufanya kazi mbili zisizofanana: kwanza hupasua ngozi kwa mstari, kisha huitenga ngozi hiyo na nyama kwa mikato mirefu ya kufagia. Kazi ya kwanza huhitaji ncha, na ya pili huhitaji tumbo la kisu, yaani sehemu ya makali iliyojipinda kuelekea nchani. Kwa kuwa kazi ya pili ndiyo inayokula muda mwingi zaidi, kisu cha kuchunia huanza kubuniwa kutoka tumboni, si kutoka nchani. Mafundi wengi wanaoanza hutengeneza kisu kirefu chenye ncha iliyochongoka kama ya jambia, halafu hushangaa kwamba kila mara kinatoboa ngozi waliyotaka kuitoa ikiwa nzima.

Chora umbo lake kwenye karatasi ngumu kabla ya kugusa chuma. Bapa la sentimita 9 au 10 linatosha kwa wanyama wengi wa kuwindwa, likiwa na upana wa sentimita 3 hivi na unene wa milimita 3 mgongoni. Mgongo uteremke taratibu kuelekea ncha, ili ncha isisimame juu. Ncha ya namna hiyo ni rahisi kuidhibiti wakati wa kufungua tumbo la mnyama, mahali ambapo kosa dogo hupasua utumbo na kuchafua nyama. Mpini uwe na urefu wa sentimita 11 au zaidi kidogo, kulingana na kiganja cha mtumiaji. Kata kielelezo hicho cha karatasi, kishike mkononi kana kwamba unachuna, na ukirekebishe mpaka mkono ukubali.

Kwa chuma cha pua, ushauri wangu ni kuanza na kile kinachojulikana kwa namba 1084, chenye takriban asilimia 0.84 ya kaboni, kwa sababu hukubali kugumishwa bila tanuri la kisasa. Springi za magari nazo hufaa, na nyingi zimetengenezwa kwa chuma cha namba 5160 au kinachokaribiana nacho, ila springi iliyotumika inaweza kuwa na nyufa ambazo jicho halizioni mpaka kisu kiwe tayari. Vyuma visivyoshika kutu, kama 440C, huhitaji joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, tena linalodhibitiwa kwa makini, kwa hiyo fundi wa nyumbani aviache.

Ikiwa chuma ni kigumu tayari, kipashe moto mpaka kiwe chekundu, kisha kifukie kwenye majivu makavu kipoe polepole hadi kesho yake. Baada ya hapo kitakubali msumeno na tupa. Toboa matundu ya ribiti, yaani pini za kukazia mpini, kwenye msuka, ile sehemu ya chuma itakayobeba mpini, wakati huu, kwani chuma kikishagumishwa keekee haitaingia. Chora mstari katikati ya ukingo utakaokuwa makali, kisha punguza chuma kwa tupa kutoka pande zote mbili kwa usawa, ukibakiza unene wa karibu milimita moja. Usikimbilie kuyafanya makali yawe membamba sasa, maana ukingo mwembamba hupinda au kupasuka unapozamishwa kwenye mafuta. Ondoa pia mikwaruzo ya tupa kwa msasa, hasa ile inayokatiza bapa, kwa sababu ufa hupenda kuanzia hapo.

Sasa inakuja hatua ambayo ndiyo hasa inayokifanya kipande cha chuma kiwe kisu. Fanya kazi hii mahali penye kivuli, kwa kuwa mwanga wa jua huficha rangi ya chuma na kumdanganya fundi. Pasha bapa kwa usawa, ukiligusisha sumaku mara kwa mara. Linapofikia nyuzi 770 hivi, sumaku huacha kulivuta. Chuma cha 1084 huhitaji kupita hapo kidogo, kufikia nyuzi 815, yaani wekundu uliong'aa zaidi kwa kiasi kidogo tu. Kisha lizamishe wima, bila kusita, kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, ukilisogeza kwa upande wa makali na wa mgongo, si kwa upande wa ubapa wake, la sivyo litapinda. Maji hupoza kwa kasi mno na huweza kulipasua. Mafuta yanaweza kushika moto, kwa hiyo yawe katika chombo cha chuma chenye mfuniko karibu, nawe uwe umevaa miwani na glavu.

Likishapoa, pitisha tupa ukingoni: ikiteleza bila kung'ata, chuma kimekuwa kigumu. Hata hivyo, katika hali hiyo kisu ni chepesi kuvunjika kama kioo, na kikiangushwa sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Kiweke bila kuchelewa katika oveni yenye nyuzi 200 kwa saa mbili, kiache kipoe, kisha rudia. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa kitageuka rangi ya majani makavu. Kikifikia buluu umepitiliza, na makali yatakuwa laini.

Mpini wa mti mgumu uliokauka vizuri hubandikwa kwenye msuka kwa gundi ya epoksi na kukazwa kwa ribiti za shaba. Damu na mafuta ya mnyama hufanya mkono uteleze, kwa hiyo chonga kishimo cha kuzuia kidole cha shahada kisiteleze kuelekea makali, na uache kitako cha mpini kiwe kinene kidogo. Mimi sisugui mpini mpaka ung'ae. Uzuri huo hupotea mara tu kazi ya kuchuna inapoanza.

Makali ya mwisho hutiwa baada ya haya yote. Ukitumia mashine, chovya bapa kwenye maji kila baada ya muda mfupi, kwani joto la msuguano linaweza kuharibu ugumu ulioupata kwa shida. Kisha noa kwenye kinoo kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, mpaka kidole kihisi ukingo mdogo uliojikunja upande wa pili, na umalizie kwa kulisugua bapa kwenye mkanda wa ngozi. Wakati wa kuchuna, pasua ngozi ukitokea ndani kuelekea nje, kwa maana manyoya yenye mchanga huua makali upesi kuliko nyama yenyewe.

Ala ishonwe kwa ngozi nene, na kipande chembamba cha ngozi kiwekwe katikati ya mshono ili makali yasikate uzi. Kisu kikishaoshwa, kikaushwe na kupakwa mafuta, kisha kihifadhiwe nje ya ala, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na chuma cha kaboni hushika kutu upesi.