Tangi jipya la samaki wa Ziwa Tanganyika: mambo ya kuzingatia kabla hujawanunua

Ukiuliza dukani, mara nyingi utaambiwa jaza maji leo, kesho njoo uchukue samaki. Usikubali. Maji ya tangi jipya yanang'aa kweli, ila bado hayana bakteria wanaokula uchafu wa samaki, na kuwapata bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, hawa wa Kigoma wanaotafutwa na wafugaji hadi Ujerumani, kungoja ni lazima kuliko kwa samaki wengine, na sababu ni maji yao yenyewe.

Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na chakula kinachobaki kikioza hutoa hiyo hiyo. Ndani ya maji amonia huwa na sura mbili: moja haina makali sana, nyingine ni sumu inayounguza matamvua. Kinachoamua ipi izidi ni joto na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ambapo 7 ni katikati. Kwenye joto la nyuzi 26 na pH 7, ile ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8, inakaribia asilimia 6. Ikiwa 9, na maji ya Ziwa Tanganyika hayako mbali na hapo, inapita theluthi. Kwa hiyo amonia kidogo ambayo gapi, yule samaki mdogo wa mapambo, kwenye pH 7 angeivumilia inaweza kumuua samaki wa Kigoma.

Wanaotuokoa ni makundi mawili ya bakteria. La kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu kubeba oksijeni. La pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, na hiyo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi; wamejishikiza kwenye sponji ya filta, mchanga na mawe. Ndiyo maana filta inatakiwa kuwaka saa 24 tangu siku ya kwanza, ingawa tangini hamna hata samaki mmoja.

Sehemu ya kuweka tangi iamue mapema. Lita 100 ni kilo 100 za maji, bado kioo, mchanga na mawe, kwa hiyo meza ya televisheni haifai, na pimamaji ya fundi lazima ilale sawa juu ya stendi kabla hujamwaga ndoo ya kwanza. Likishajaa, halihamishwi.

Maji nayo yana mambo yake. Ya bomba yana klorini, ambayo huua bakteria unaowasubiri pamoja na samaki. Yaache kwenye pipa siku nzima huku pampu ya hewa ikifanya kazi, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kama mtambo wa eneo lako hutumia kloramini, dawa ndiyo suluhisho, kwa sababu kloramini haipotei kirahisi. Ya kisima yapime kabla ya yote. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na kisima kilicho karibu na vyoo vya shimo kinaweza kuwa na nitreti tayari, ukaja kujisifu kwamba tangi limeiva, yaani lina bakteria wa kutosha, kumbe unasoma maji ya chooni. Halafu usipime pH papo hapo yakitoka ardhini. Yaache yapumue hadi kesho yake, maana gesi ya kaboni iliyomo huishusha namba. Ya mvua ni laini mno, yaani hayana madini ya kutosha, kwa samaki hawa.

Mawe na mchanga vijaribu kwa siki. Dondoshea matone kadhaa: yakitoa povu, yana chokaa. Anayefuga samaki wa maji laini angeyakwepa, wewe ndiyo unayoyatafuta. Bakteria wakifanya kazi hula ule ugumu wa maji unaoshikilia pH, na ukiisha, pH huporomoka. Ikifika 6 hivi bakteria karibu wanasimama, na wewe unabaki kushangaa kwa nini namba hazisogei. Chokaa ndani ya tangi huuzuia mporomoko huo.

Sasa bakteria wanahitaji chakula. Ukipata kloridi ya amonia kwenye duka la kemikali za maabara, yeyusha gramu 6 kwenye lita moja ya maji. Mililita 100 za mchanganyiko huo kwenye tangi la lita 100 zitakupa karibu miligramu 2 za amonia kwa lita, kiasi kinachotosha kuanzia. Amonia ya usafi wa nyumbani ni ya kuchunguza: tikisa chupa, povu likikaa, ina sabuni, iache. Vyote vikikosekana, funga kamba mbichi, yule wa kuliwa, ndani ya soksi safi umtumbukize aoze. Itafanya kazi, ila harufu utaijua, na watu wa nyumbani watakuuliza. Siku za mwanzo maji yanaweza kuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Hao ni bakteria wengine, watapungua wenyewe, usimwage maji.

Njia ya mkato ya kweli ni moja, nayo ni kuomba kipande cha sponji chafu kutoka kwa mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima. Kibebe kikiwa kimelowa, kiingie kwenye filta yako siku hiyo hiyo. Kikikauka njiani au ukakisuuza bombani, umebeba sponji tu. Na kama kwa mwenzio kuna ugonjwa, utauchukua pamoja na bakteria.

Kinachokuambia ulipofika ni vipimo vya matone, wala si kalenda. Nunua cha amonia, cha nitraiti, cha nitreti na cha pH, na usome rangi mchana, kwenye karatasi nyeupe. Kipimo cha nitreti ndicho kinachowadanganya wengi: chupa moja huwa na unga unaotuama chini, na usipoitikisa kwa nguvu kama maelekezo yanavyotaka, kitasoma kidogo au sifuri. Utaona amonia ikianza kushuka, nitraiti inapanda, na hapo ndipo uvumilivu huisha, kwa sababu nitraiti hukawia kuliko amonia. Rangi ikigota juu kabisa ya kadi, badilisha nusu ya maji uendelee. Kila amonia ikiisha, rudishia.

Tangi limeiva siku utakayotia miligramu 2 za amonia kwa lita, na baada ya saa 24 ukakuta amonia sifuri, nitraiti sifuri. Rudia jaribio kesho yake.

Joto la nyuzi 26 hadi 28 huwaharakisha bakteria. Dar es Salaam hita mara nyingi haihitajiki. Arusha, Mbeya au Nairobi mwezi wa saba, nunua. Umeme ni suala jingine. Filta ya mkebe uliofungwa ikizimika saa nyingi, bakteria hukosa oksijeni wakafa, na umeme ukirudi husukuma maji yaliyooza tangini. Yamwage kwanza, usuuze kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Mimi napendelea sponji ya wazi yenye pampu ya hewa, na pampu ya betri pembeni.

Kabla ya samaki, badilisha sehemu kubwa ya maji, hata asilimia 80, kwa sababu majuma ya kulisha amonia yameacha nitreti nyingi. Amonia iendelee kutiwa mpaka siku moja kabla. Samaki wengi unaweza kuwaingiza wachache wachache, lakini Tropheus, jamii mojawapo ya samaki wa Tanganyika, ni wagomvi, mgeni anayeletwa baadaye hupigwa, hivyo kundi zima huingia siku moja, na tangi lazima liwe na uwezo wa kuwabeba wote. Siku ya kwanza usiwalishe. Kwa wiki mbili za mwanzo pima amonia na nitraiti kila siku, na ukiona rangi yoyote zaidi ya sifuri, badilisha robo ya maji jioni hiyo hiyo.