Kupiga kambi kando ya mto Missouri: namna ya kulala bila hema kung'olewa

Joto likikaribia, simu za ndugu hapa Sioux Falls, South Dakota, Marekani, huanza: ile sehemu ya mtoni mliyopeleka watoto ni wapi, na mnafanyaje? Juzi niliisindikiza familia moja ya kanisani kwetu, watu wa Kivu, Kongo, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikaona afadhali niandike mara moja. Mfano wangu ni Yankton, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, pale bwawa la Gavins Point linapouzuia mto na kufanya ziwa la Lewis and Clark.

Hatua ya 1: Kukata nafasi

Jueni kwanza mwenye mahali. Kambi za Lewis and Clark na Chief White Crane ni za jimbo la South Dakota, kwa hiyo nafasi unakata kwenye tovuti ya mbuga za jimbo, na kiingilio cha gari hulipwa mbali na ada ya kulala. Cottonwood, iliyo chini ya bwawa, ni ya Corps of Engineers, yaani wahandisi wa jeshi, na yake inakatwa kwenye tovuti ya Recreation.gov. Wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya mwisho wa Mei, na ya tarehe 4 Julai, siku ya uhuru, kama hukukata mapema, sahau. Mimi huenda Jumapili mchana wengine wakiondoka.

Kama mna hema, chukueni nafasi isiyo na umeme. Ni ya bei nafuu zaidi, na mnakaa mbali na yale magari ya kulalia yenye viyoyozi vinavyonguruma usiku kucha.

Hatua ya 2: Vitu

Blanketi, tochi, maji, dawa ya mbu na kupe. Mnajua. Neno langu moja tu: msinunue lile hema refu kama nyumba, lenye kuta zilizosimama wima. Dukani linapendeza kwa sababu baba anaweza kusimama ndani, lakini huku kila ukuta uliosimama wima ni tanga. Chukueni la mviringo, la chini, ambalo turubai lake la juu linafika karibu na ardhi.

Hatua ya 3: Kusimamisha hema

Hapa nitakaa kidogo.

Nchi hii ni tambarare ya nyasi. Mchana wa kiangazi upepo mara nyingi hutoka kusini, na watu huukinga upande huo wakaridhika. Dhoruba ya usiku mara nyingi huja kutoka magharibi au kaskazini-magharibi, na ikifika upepo hugeuka ghafla. Kwa hiyo fungeni kamba pande zote, hata ule unaoonekana umetulia.

Vigingi vinavyokuja na hema, vile vya waya mwembamba uliopindwa kichwani, viacheni nyumbani. Nafasi nyingi zimeshindiliwa changarawe, na waya ule unapinda kabla haujaingia nusu. Nunueni vya chuma vya sentimita 30, na nyundo nzito. Jiwe halifai, litakuponda kidole. Kigingi kipigwe kwa mshazari, ncha ikielekea hema na kichwa kikiwa mbali nalo. Ukikipiga wima, kamba itakichomoa. Na kwenye mchanga karibu na maji, hata kigingi kirefu hakishiki: jaza mchanga kwenye mfuko wa kitambaa, funga kamba katikati yake, ufukie kwa kina cha mkono hadi kiwiko, halafu shindilia kwa mguu.

Sasa jambo linalorukwa na karibu kila mtu. Geuzeni turubai la juu mtazame upande wake wa ndani. Pale ambapo kamba za nje zimeshonewa, kwa ndani kuna vikanda vifupi vya kunatana, urefu wa kidole. Kazi yake ni kushika nguzo. Visipofungwa, kamba inavuta kitambaa tu huku nguzo ikicheza peke yake, na upepo mkali wa kwanza unailaza juu ya nyuso za waliolala. Kujua kama vimeshika, kamata nguzo uitikise: kamba zote zinapaswa kukaza pamoja. Fungeni kabla hamjakaza turubai. Mimi na ile familia ya kanisani tulivifunga saa nne usiku, mama mwenye nyumba akitambaa chini ya turubai huku watoto wakimmulikia tochi machoni.

Kamba za nailoni hulegea zikilowa. Zikazeni tena kabla ya kulala. Halafu msiweke hema chini ya matawi makubwa ya cottonwood, ile miti inayomwaga pamba hewani mwezi wa Juni. Kivuli chake kitamu, lakini matawi yake hukatika kwa upepo.

Hatua ya 4: Moto na chakula

Kuni nunueni huko huko. Mdudu wa kijani anayeua miti ya ash alionekana Sioux Falls mwaka 2018, na anasafiri ndani ya kuni. Ugali pikieni jiko la gesi, gari likizuia upepo; moto wa kuni uacheni wa nyama na hadithi. Ndani ya hema hakuwashwi jiko la aina yoyote, hata mvua inyeshe vipi. Chakula kilale garini, maana rakuni, wanyama wadogo wanaoiba chakula usiku, hawana haya.

Hatua ya 5: Maji

Wengi wetu tumekulia kando ya Ziwa Tanganyika tukijiona samaki. Missouri si ziwa: mkondo unavuta, na ukingo wa mchanga unaweza kukatika ghafla kwenye kina. Watoto waogelee ufukweni upande wa ziwa, wakiwa na jaketi za kuokolea. Mkienda juu zaidi, chini ya mabwawa ya Oahe na Big Bend, mto hupanda na kushuka ndani ya saa chache kufuata mahitaji ya umeme, hata bila tone la mvua. King'ora kikilia, tokeni majini.

Hatua ya 6: Mbingu

Simu iachwe imewashwa usiku ikiwa na chaji. Ikiandika Tornado Watch, yaani kimbunga kinaweza kutokea, vaeni viatu mkae tayari. Ikiandika Tornado Warning, yaani kimbunga kimeonekana au kiko karibu, acheni kila kitu mkimbilie jengo imara. Mkifika tu, mwulizeni mhudumu wa kambi ni lipi; mara nyingi ni lile la vyoo na bafu. Kwa radi tupu gari lililofungwa vioo linatosha, lakini kwa kimbunga gari halikingi, wala hema.

Hatua ya 7: Kuondoka

Mkiwa na mtumbwi au boti, mwageni maji yote, osheni, kausheni: ziwa lina kome wadogo wenye milia (zebra mussels) na si vizuri kuwahamisha. Hema likikunjwa na umande, litandazeni gereji siku hiyo hiyo, maana ukungu ukishaingia kwenye kitambaa ile harufu haitoki.