Msahafu, Biblia na Maktaba ya Shule ya Umma Nchini Marekani

Mzazi aliyesomea Kenya, ambako elimu ya dini ya Kikristo na ya Kiislamu hutahiniwa, au Tanzania, ambako kipindi cha dini kimo katika ratiba, akiambiwa Marekani kwamba shule ya umma haifundishi dini, huenda akadhani Biblia na Msahafu vimepigwa marufuku hata maktabani. Sivyo. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yanaizuia serikali kusimika dini na vilevile kumzuia mtu kufuata dini yake. Mwaka 1963, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, Mahakama ya Juu ilikataza Biblia kusomwa shuleni kama ibada, lakini ikaeleza kwamba inaweza kusomwa kwa ajili ya elimu, kama fasihi au historia. Kwa hiyo kitabu cha dini kuwamo rafuni, mwanafunzi akichukue kwa hiari yake, si kosa, na mwanao anaruhusiwa kusoma Msahafu au Biblia yake wakati wa mapumziko.

Ukitaka kutoa tafsiri ya Kiswahili iwe zawadi, mwone mkutubi, wala usimpe mwalimu awagawie wanafunzi darasani. Mkutubi huipima kwa vigezo vilevile vya vitabu vingine, na anaweza kuikataa bila kuwa ameidharau dini yako.

Kuondoa kitabu ndiko kwenye mvutano. Katika kesi ya Pico ya mwaka 1982, majaji wa Mahakama ya Juu walioandika maoni makuu walisema bodi ya shule haiwezi kukiondoa kitabu kwa kuchukia tu mawazo yaliyomo, ila hawakufikia wingi wa kura, na majimbo yametunga taratibu zinazotofautiana sana. Nawasihi wazazi wenzangu, hasa sisi tunaoshika dini, tusiharakishe kudai vitabu viondolewe. Huko Utah, sheria ya mwaka 2022 ya kuondoa maandishi machafu shuleni ilitumiwa na mlalamikaji dhidi ya Biblia yenyewe. Wilaya ya shule ya Davis ikaitoa katika maktaba za shule za msingi na za kati, kisha bodi ikairudisha Juni 2023.

Tusichanganye pia maktaba na darasa. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2025 katika kesi ya Mahmoud dhidi ya Taylor, iliyoletwa na wazazi Waislamu na Wakristo wa Maryland, iliwapa haki, kesi ikiendelea, ya kuarifiwa mapema na kuwatoa watoto wao darasani vitabu vya hadithi vinavyogusa jinsia na mapenzi ya jinsia moja vinaposomwa. Haikuamuru kitabu chochote kitolewe rafuni.

Ukiwa na lalamiko, omba kwa maandishi sera ya wilaya ya kuchagua vitabu pamoja na fomu ya kuomba kitabu kipitiwe upya, usome kitabu chote kabla ya kutia saini, na ubaki na nakala. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani siku kadhaa kabla ya kikao, kwa kuwa si haki kumbebesha mtoto kazi ya kutafsiri shauri linalomhusu yeye mwenyewe.